Nani Alianzisha Tuta Letu?

Jumatatu, 5 Mei 2025

Chifu ametangaza. Mwenyekiti wa Kamati ya Tuta amehamia Butula kwa mwanawe, kwa hiyo kiti kiko wazi. Jumamosi tutasimuliana historia ya hili tuta linalozuia mto Malaba usiingie mashambani. Ukoo ulioanzisha tuta ndio utakaotoa mwenyekiti. Kiti chenyewe kina mikono! Na kuna gambuti mpya za mpira, za kuvaa matopeni. Nimekitamani tangu nioe. Okiria, yule mwenye mashine ya kusaga, anakitaka pia. Gambuti anazo tayari. Tamaa tu.

Jumatano, 7 Mei

Nimezunguka kutafuta historia mpaka kichwa kinauma. Mzee Obuya anasema tuta lilijengwa na mapadri, baada ya mafuriko ya wakati wa Uhuru. Jentrix wa dukani anasema hapana, ni Wazungu wa pamba. Mtu mmoja wa Angurai, aliyekuja kununua kuku tu, akasema hilo wala si tuta, ni udongo uliotupwa na wachoma matofali. Sasa miaka yote hii tumekuwa tukikarabati nini? Sielewi. Hata hivyo hakuna aliyemtaja babu ya Okiria. Wala babu yangu Olinga, lakini hilo linarekebishika. Historia isiyo na mwenyewe ni ya atakayeiwahi.

Jumamosi, 10 Mei

Okiria aliwahi. Alisimama akasema babu yake ndiye aliyewaita watu wachimbe, na kwa vile anayeita watu kazini ndiye anayewalisha, aliwachinjia mbuzi. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Kwa mbuzi!

Nikasimama. Nikasema aliyewaita ni Olinga, na alichinja fahali. Wakatikisa vichwa vile vile. Basi nikaongeza kwamba Olinga aliapa: kila tuta likibomoka, boma letu litatoa fahali kwa wachimbaji. Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Ilitoka yenyewe. Makofi!

Kisha Mama Anyait, aliyetuzidi wote umri, akasema ni kweli. Alikuwepo, bado msichana, na alipewa ini. Nilishtuka. Si nimeyatunga nikiwa nimesimama pale pale? Au babu alinisimulia nikiwa mdogo nikasahau? Sijui tena. Aliyepiga makofi kuliko wote ni Okiria, na hilo pia sikulielewa. Lakini kiti ni changu. Nimelala na gambuti.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua usiku kucha. Tuta limebomoka karibu na shamba la Ouko, maji yanaelekea kwenye mahindi ya kila mtu. Nikaenda mbio kutoa amri. Hakuna mtu! Nikarudi nyumbani nikiwa na hasira. Kumbe wote wako kwangu, na majembe, na masufuria. Wakanisalimu vizuri sana. Ouko akasema, "Mwenyekiti, hatuwezi kuchimba na njaa."

Nikatoa jogoo. Mama Anyait akasema Olinga hakuwa mtu wa jogoo. Okiria alikuwa amekuja na chumvi, mfuko mzima. Mtu hubeba chumvi kwenda kwenye mafuriko?

Nilikuwa na fahali wawili wa plau. Sasa ninaye mmoja, na mmoja hafungwi nira. Mke wangu Brendah akaiokota nira. "Mdomo uliponza kichwa," akasema. "Huyu aliyebaki atalima na nani? Na mimi?"

Nimelia kidogo nyuma ya choo. Kufika jioni maji yalikuwa yamezuiwa na mahindi yakapona. Mimi hata ini sikupewa.

Jumatano, 14 Mei

Nimepata dawa! Historia haikuisha vizuri, ndiyo shida. Jumamosi kuna kikao, nami nitaongeza kipande: kwamba Olinga alipokwisha kuapa, babu ya Okiria aliona wivu, akaapa kutoa fahali wawili. Tuta likibomoka tena, watu wataenda kwake. Fahali wangu atapona.

Nikampelekea Mama Anyait sukari ili anisaidie kukumbuka. Kabla sijamaliza kueleza, alikuwa ameshakumbuka. Hao fahali wawili anawakumbuka vizuri kabisa. Ila anasema Olinga, kusikia hivyo, alikataa kushindwa, akaapa kutoa watatu.

Watatu! Brendah anasema nirudi nimwombe mama asahau. Asahau vipi? Huyo ndiye babu yangu! Jumamosi nitaisimulia yote, mpaka hao watatu, na Okiria nitamketisha mbele nimwone uso.