Kinyozi na Jua Lililomegwa

Jumatatu, tarehe 6

Msiba! Saa nne asubuhi mteja yuko kitini, shuka shingoni, nusu ya kichwa imeshanyolewa, mara ananiuliza kama nimesikia kuwa Jumamosi jua litapatwa. Mimi! Niulizwe mimi kama nimesikia! Miaka kumi na saba mtaa mzima unaingia saluni hii kuniuliza mambo. Mvua itanyesha lini. Ndege inakaaje hewani na uzito wote ule. Ndiyo maana wananiita Profesa. Nikamjibu nimejua tangu mwaka jana, ila sikutaka kuwatia watu hofu. Halafu nikauliza, kijuujuu tu, yeye kasikia wapi.

Kwa mkutubi. Yule mama mpole wa maktaba, ng'ambo ya barabara, hatua thelathini kutoka mlangoni kwangu. Ana darubini! Kabandika tangazo: Jumatano jioni kutazama sayari, Jumamosi asubuhi kutazama mwezi ukipita mbele ya jua. Wote mnakaribishwa.

Nimekwenda kulisoma nikijifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Hadi jioni wateja watatu wamemtaja. Mmoja kamwita Profesa. Nilimchanja sikio kidogo. Bahati mbaya, naapa.

Uamuzi: mtaa huu hauwezi kuwa na maprofesa wawili.

Jumanne, tarehe 7

Wazo! Nitaunda darubini yangu. Darubini ni nini? Bomba na vioo, basi. Bomba ninalo, lilibaki fundi alipotengeneza bafu. Kioo kidogo cha kukuzia nimeazima kwa fundi saa. Kikubwa kimetoka kwa mama mkwe, anayeishi nasi. Ana miwani ya kuvaa na miwani ya akiba. Ya akiba iko kwenye kopo la vifungo na hajaigusa mwaka mzima. Kisichotumika ni cha wote.

Saa saba mchana kazi imekwisha. Gundi imenishikanisha vidole vitatu. Nikapanda paa la saluni, nikaielekeza mwisho wa mtaa kwa majaribio. Ajabu! Kitu kikubwa, chekundu, kinapepea, kichwa chini miguu juu! Nikapiga ukelele kwamba nimegundua.

Lilikuwa gauni kwenye kamba ya fundi cherehani. Pembeni yake alikuwa fundi cherehani mwenyewe, naye kichwa chini, akinitazama.

Kaja na utepe wake wa kupimia shingoni, katangaza mbele za watu kwamba mwanamume mzima anapanda mapaa kuchungulia nguo za wanawake. Nikamweleza ni sayansi. Akasema sayansi hiyo ataifikisha kwa mke wangu. Kaifikisha.

Mke wangu ni muuguzi wa kliniki ya macho. Si msemaji. Alilitazama bomba, akavitazama vidole vyangu, akauliza miwani ya mama yake iko wapi.

Nimekula peke yangu.

Jumatano, tarehe 8

Adui usimchukie kabla hujamchunguza. Jioni, jua lilipozama tu, nimekwenda maktaba kupeleleza. Nimevaa kofia na koti zito ili nisitambulike. Watu tisa wameniuliza: Profesa, koti hilo na joto hili?

Foleni kwenye uwanja wa maktaba. Mbele yangu mlinzi wa ghala, mbele yake mama muuza mboga. Kila anayeinama ananyamaza kwanza, halafu anacheka peke yake kama aliyepewa habari njema sikioni. Muuza mboga alirudi nyuma kashika kifua. Nikajua hiki ni kiinimacho.

Zamu yangu. Nikainama. Giza. Nikaona kope zangu tu. Mkutubi akaninong'oneza nisishike chochote, nisogeze jicho polepole.

Zohali!

Kadogo, ka manjano, kanang'inia peke yake katikati ya weusi, na pete imemzunguka. Pete ya kweli! Haimgusi popote! Nimeishi miaka arobaini na mitatu chini ya kitu kile na hakuna aliyenigusa begani kuniambia nitazame juu.

Nikanyanyuka, nikazunguka mbele ya darubini kuona kama kabandika picha. Hakuna picha. Nikataka kupitisha kidole. Mkutubi akaniomba nisiguse kioo. Hakukasirika. Kasema hata yeye, mara ya kwanza, alikwenda mbele kutafuta picha. Nikamuuliza ni mbali kiasi gani. Akasema mwanga niliouona umeondoka kule zaidi ya saa moja iliyopita na haujapumzika njiani. Saa moja iliyopita! Nilikuwa bado nafagia nywele!

Nikarudi mwisho wa foleni. Mara tatu. Mara ya nne wamenitoa.

Nimefika nyumbani ndipo nikakumbuka nilikwenda kupeleleza. Mwanamke huyu ni hatari kuliko nilivyodhani.

Alhamisi, tarehe 9

Nimemnyoa karani wa posta huku namuwaza Zohali. Nilipozinduka alikuwa na pete ya nywele kuzunguka kichwa kizima. Nikamwambia ndio mtindo wa sasa. Katoka akijiamini. Saa nane karudi amevaa kofia, kaongozana na mke wake.

Lakini hilo dogo. Wazo! Jua halitazamwi kwa macho matupu, hata mtoto mchanga anajua. Basi mwenye miwani ndiye mwenye jua. Na kabatini kuna bahasha ya picha za eksirei: mguu wangu siku nilipoanguka ngazini, na kifua cha marehemu baba mkwe. Nyeusi tii! Nimekata miwani kumi na sita, fremu za katoni, kamba za mpira wa nguo. Kila anayenyolewa anapewa, na asiyenyolewa akiomba anapewa pia.

Hadi jioni mezani haikubaki hata moja! Watu wanajivika, wanachekana, wananiita Profesa mpaka nje barabarani! Mkutubi ana darubini moja. Mimi nina mbavu za baba mkwe kwenye nyuso kumi na sita.

Ijumaa, tarehe 10

Mke wangu amefungua bahasha akakuta kifua cha baba yake kina matundu. Nikamweleza kila kitu kwa fahari. Hakupiga kelele. Laiti angepiga.

Aliketi, akanisimulia habari za mwashi mmoja aliyefika kliniki kwao. Alilitazama jua likipatwa kwa kipande cha eksirei, kama chetu. Dakika chache tu. Hakuhisi maumivu, alifurahi, akaenda kulala. Kulipokucha, kila aliyemtazama hakuwa na uso. Katikati palikuwa na doa. Ni mwaka wa sita sasa, na anamtambua mtoto wake kwa sauti tu.

"Jua likiunguza jicho, jicho halipigi kelele," akasema. "Nenda kazirudishe. Zote kumi na sita. Leo."

Sijawahi kukimbia namna ile. Mlinzi wa ghala alikuwa ameivaa tayari, anajizoeza. Muoka mikate alikuwa na mbili, yake na ya mkewe. Karani wa posta kagoma kuitoa mpaka nimwondolee pete yake, nikamnyoa upara pale pale barazani kwake, watoto wake wakihesabu vipara vya mtaa. Fundi cherehani, aliyekuja kuiomba kwa maneno matamu, kanitaka niseme kwa sauti, wateja wake wasikie, kwamba Profesa amekosea. Nikasema. Nikasema tena muoka mikate asikie. Nimesema mara nyingi kiasi kwamba mwishoni nilikuwa naanza na hilo kabla ya salamu.

Jua linazama, mkononi kumi na tano. Ya kumi na sita haipo! Nikarudi nyumbani, akilini nimeshamwona mwashi mwingine asiyeona uso wa mtu.

Ilikuwa kwa mama mkwe. Kajichukulia mwenyewe mezani saluni. Alikuwa kaketi kitandani, kaivaa, ameelekea kwenye taa ya umeme. Nikamwomba. Akakataa. Akasema tangu nimwoe binti yake, hiki ndicho kitu cha kwanza nilichokiunda kikamkaa sawa. Halafu akasema jicho lake moja lina mtoto wa jicho, na la pili limechoka. Wiki nzima watu wanapita dirishani wakisimulia pete za Zohali na jua la Jumamosi, na yeye kazi yake kusikia tu.

"Nilitaka na mimi nione, baba. Mara moja."

Nikasema kubwa kuliko yote: nikamwahidi kuwa kesho ataliona jua, tena kwa usalama. Akaivua akanipa.

Sijui nimeahidi nini.

Jumamosi, tarehe 11

Nikiandika haya mkono wa kulia umekufa ganzi, natumia wa kushoto. Lazima niandike!

Saa tatu asubuhi, mbingu nyeupe pee. Mtaa wote uko maktaba. Darubini imevishwa kifuniko maalumu cha jua, mke wangu kasimama karibu kuwakemea wanaoinua nyuso ovyo. Foleni imekata kona. Kila mtu anapewa sekunde chache, na bado haiendi. Mama mkwe kwenye kiti cha plastiki, mwisho kabisa. Nikapiga hesabu: akifika mbele, jua litakuwa limeshapona. Na akifika ataona nini kwenye kitundu kile, kwa macho yale?

Mimi niko mlangoni kwa saluni. Tupu! Hata nzi wamekwenda maktaba.

Nitasema ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma hapa. Wivu ulinipanda mpaka utosini. Mkutubi alikuwa na ubao wa maelezo wenye michoro mizuri, kila mtu anausifu. Nikachukua kipande cha kioo kilichovunjika, kikubwa kama kiberiti, ili nirudishe mwanga wa jua ng'ambo, niumulike ubao ule usisomeke. Basi, hilo tu.

Nikalenga. Nikakosa. Mwanga ukaangukia ukuta mweupe wa maktaba, kule kwenye kivuli cha baraza.

Duara kubwa kama sahani. Ila si duara! Upande mmoja limemegwa, kama biskuti iliyong'atwa. Nikadhani ni umbo la kioo changu. Nikakigeuza. Mmego haukugeuka! Nikakigeuza tena. Haukugeuka!

Mtu akasema, "Jamani, jua lile ukutani!" Mkutubi akageuka, mkono ukamwenda mdomoni, akapaza sauti ambayo sikujua anayo:

"Usitikisike! Profesa, nakuomba, usitikisike!"

Kaniita Profesa! Mbele ya watu wote!

Foleni ikavunjika. Hakuna tena wa kwanza wala wa mwisho. Wote wameupa mgongo mwanga wa kweli, wanalitazama jua kwenye ukuta, karani wa posta na upara wake, muoka mikate ana unga hadi viwikoni. Mmego unakua. Unasogea! Nikaelewa: ule ndio mwezi wenyewe, unapita, sasa hivi, kati ya bomba la mvua na tangazo la kurudisha vitabu.

Mama mkwe aliinuka kitini. Wakampisha bila kuambiwa. Akaenda mpaka ukutani, pua karibu iguse, akanyoosha mkono, na kivuli cha vidole vyake kikaingia ndani ya jua.

"Limeliwa hapa," akasema. "Naliona. Naliona mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Fundi cherehani alijifuta macho na kipande cha kitambaa cha mteja. Mke wangu alinitazama kutoka ng'ambo, na sijatazamwa hivyo tangu mwaka tuliooana.

Nilikishika kioo zaidi ya saa nzima. Jua linahama, na mimi nahama nalo, unywele kwa unywele. Mlinzi wa ghala alikuja kunishikilia kiwiko. Kila nilipotaka kuushusha mkono, uwanja mzima ulinipigia kelele.

Lilipokuwa zima tena, watu walipiga makofi. Sijui walilipigia jua, mwezi au mimi. Nimeyapokea kwa niaba ya wote. Mkutubi akavuka barabara, akanishika mkono (ule uliokufa), macho yanameremeta, akaniuliza wazo lile nililipata wapi.

Nikamwambia ni utafiti wa muda mrefu.

Jumatatu, tarehe 13

Saluni imejaa! Hakuna anayenyoa, wote wanasimulia. Mama mkwe, aliyekataa kupasuliwa macho miaka mitatu, asubuhi kamwambia mke wangu ampangie siku. Kasema kama ukutani ni vile, anataka kumwona Zohali kabla hajachakaa.

Mkutubi kaniomba tushirikiane: yeye darubini, mimi kioo, kila mwisho wa mwezi. Nikamwambia nitafikiria. Kwa nini nishirikiane na mtu ninayemshinda?

Badala yake nimebandika tangazo langu mlangoni, herufi kubwa: KUPATWA KWA JUA, KILA JUMAMOSI SAA TATU, KWA MAOMBI YA WENGI.

Kalisoma. Kavuka barabara mbio, kanieleza kwa upole mwingi kwamba mwezi haufanyi hivyo kila wiki, na hapa kwetu jua halitapatwa tena mpaka ipite miaka kumi na moja. Nikamhurumia. Kijicho ni ugonjwa, hata kwa wasomi. Jambo lililofana kiasi kile, lisubiri miaka kumi na moja kwa sababu gani?

Tena mimi si mtu wa kukurupuka. Mwezi usipotokea, nina sinia kubwa la bati, nimelipaka rangi nyeusi. Na nimeazima ngazi ya mita nne.

Nimepima kwa jicho. Itafika.