Matunda Meusi na Mavi ya Karibuu

Jumatatu, 18 Machi
Jua limerudi kwelikweli. Ziwa lote linameremeta, na Bazil wangu, mgongoni, anataka kulishika kwa vidole. Ana meno mawili sasa! Mama mkwe ameyagusa, akarudia neno lake: nyama ya kwanza kinywani mwa mtoto wa Kidene, kabila letu, ni karibuu, si kuku wa dukani. Sawa. Lakini kundi letu la karibuu, kulungu hawa wa nchi ya theluji, limepungua, na baraza limefunga uwindaji tangu Bazil yuko tumboni.

Leo ameshuka na ndege ndogo mtafiti mmoja, Maren. Anataka tumwokotee mavi ya karibuu. Mavi! Anasema ndani yake anasoma ukoo mzima, nani kazaliwa na nani. Kama kundi letu bado linachanganya damu na kundi kubwa la kaskazini, tumaini lipo, na huenda baraza likalegeza. Na kama damu hiyo haimo? Hapo akili yangu ikaamka.

Jumanne, 19 Machi
Kaka yangu Zephirin amefika kutoka kwetu kaskazini, na mfuko wa mavi ya huko kwa ajili ya Maren. Nimemwomba konzi moja. Akauliza, "Dada, mnakula nini huku siku hizi?" Nikamwambia friza letu limejaa, hata mlango haufungi. Sikutaka kwetu wasikie nimeolewa kwenye njaa. Akanitazama sana. Akanipa.

Nitayachanganya na ya hapa. Si udanganyifu. Nawatambulisha ndugu tu.

Jumatano, 20 Machi
Ziwani kwa pikipiki ya theluji. Wifi Alphonsine keshapita! Kaokota yote, kaniachia theluji yenye mkojo. Akanipungia kwa mbali: "Wifi, endelea kulala!" Nikakaa chini. Bazil akasinzia. Nikaota macho wazi: makundi mawili yanakutana katikati ya barafu, pembe kwa pembe, wanaulizana habari za nyumbani, nani kazaa, nani kafa. Pumzi zao zikawa wingu moja. Nililia kidogo. Nilipoinuka, kumbe nilikuwa nimekalia rundo zuri kabisa!

Ijumaa, 22 Machi
Tayari. Jana nilichanganya, nikafunga, nikatia frizani. Leo, Bazil akipiga kelele begani, nikauchopoa mfuko nikamkabidhi Maren kabla hajapanda ndege. Akashukuru, akambusu mtoto. Nimeshinda!

Jumapili, 24 Machi
Chai baada ya ibada. Mama mkwe kaleta mkate wa kikaangoni wenye matunda meusi, yale tuliyochuma vuli tukayaweka frizani. Akauma. Akaacha kutafuna. Akanigeukia.

Meusi. Ya mviringo. Yameganda. Mifuko miwili ya plastiki, kama mapacha...

Ee Mungu wangu!

Alphonsine akanusa kipande chake. "Wifi, matunda haya umeyachuma chini ya mkia?" Ukumbi mzima ulicheka. Hata padri.

Alhamisi, 13 Juni
Maren amerudi na majibu. Mfuko wangu, alisema kwa upole, hauna ukoo wa mnyama yeyote. Lakini mifuko ya Alphonsine, mavi ya ziwa letu matupu, ina damu ya kaskazini tele! Bado wanakutana. Kumbe ndoto yangu ilikuwa kweli, bila mkono wangu. Ila uwindaji unabaki umefungwa, waongezeke kwanza. Baraza litatazama tena baada ya mavi ya vuli.

Nikatoka nje na Bazil, machozi yasionekane. Zephirin huyo mlangoni, na furushi la nyama kavu ya karibuu! Kwetu kaskazini bado wanaruhusiwa kuwinda. Habari za mkate zilimfikia. "Dada, uliomba mavi, nikakupa mavi. Si ungeomba nyama!" Mama mkwe alicheka mpaka akashika ukuta.

Supu ikachemka. Bazil akafyonza kijiko, akafumba macho, akafungua mdomo tena. Mama mkwe akampangusa kidevu kwa kidole, akakilamba.

Sasa kalala, midomo inang'aa mafuta. Namtazama, na kosa langu nimeliona: mfuko ulikuwa mdogo. Vuli hii Zephirin aniletee gunia zima la mavi. Nimeshamwagiza. Akauliza kama alete na nyama. Nikamwambia asijisumbue, friza letu limejaa.