Miaka Mia na Hamsini ya Bilauri ya Bibi

Jumatatu, 12 Mei 2025
Nimepata! Ijumaa shuleni kuna maonyesho ya vitu vya kale. Mwenye kitu cha kale kuliko vyote atakwenda na Mwalimu Placidius kuona makumbusho Bukoba. Mimi hata daraja la Kyaka sijavuka! Na kitu kipo: bilauri nyekundu ya bibi, yenye nakshi za kuchongwa, anamowekea wageni kahawa ya kutafuna. Simu ya baba inasema vya namna hii vilichongwa Bohemia, Ulaya. Kumwomba bibi naona aibu. Nitaazima kimya kimya.

Jumanne, 13 Mei
Vipimo! Nimeigonga kwa ukucha: ngiiii, kama kengele ya kanisa. Wekundu ni ngozi tu. Palipochongwa kioo hakina rangi. Na kitakoni, mikwaruzo! Simu inasema mikwaruzo ya kitako ndiyo umri wenyewe. Nimekadiria miaka mia na hamsini.

Jumatano, 14 Mei
Rwegoshora wa darasani kwetu kaleta bakuli la kioo cha kijani. Eti la Wajerumani! Nikaligeuza: mshono wa kalibu ubavuni, kama wa suruali. Limemiminwa kiwandani, halikuchongwa kwa mkono. Kusema mbele ya watu siwezi. Nikaandika kikaratasi. Akakisoma kwa sauti, akasema bubu leo kawa profesa. Ngoja Ijumaa!

Ijumaa, 16 Mei
Nimesimama mbele ya watu. Mimi! Nikasema "Bohemia" mara tatu, moja kwa Kiingereza. Mwalimu akavaa miwani, akasifu mikwaruzo. Bukoba hii hapa!

Ndipo mlangoni akatokea bibi, kashuka kwenye bodaboda. Wageni wamefika nyumbani, kahawa kawapa kwenye kifuniko cha chupa ya chai! Darasa zima: shikamoo bibi. Mwalimu akauliza kwa adabu bilauri ilitoka wapi. Mnadani Kayanga, akajibu, mwaka aliozaliwa huyu Mackrine. Yaani mimi. Na mikwaruzo? Akashangaa: kila Jumamosi anaisugua kwa majivu na mchanga, mwalimu alitaka wageni wale uchafu?

Kinu cha kina Sperancia, mwenzetu darasani, kimeshinda. Rwegoshora sasa ananiita Mia na Hamsini.

Jumapili, 18 Mei
Bibi kanisamehe. Bilauri imehamia chumbani kwake. Kanisani nimetubu, kwa dhati kabisa.

Mchana shangazi Kokuhirwa kaniletea zawadi, bilauri ya bluu ya kuchongwa, mpya, karatasi ya dukani ingali kitakoni. Karatasi nimeibandua. Mwakani kuna maonyesho mengine. Majivu yapo jikoni, mchanga nimechota. Nasugua tangu saa nane.

Nakadiria nimefika miaka arobaini.