Kago la Uongo

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Alhamdulillahi, nimepata mbegu! Magunia mawili ya mbegu za majani, bure, kutoka kwa Bi Salhiya wa mradi wa malisho. Kila mwenye konde huku uwandani Kizimkazi anasaidiwa kulipanda upya, ili ng'ombe wetu wale na paa wa msituni nao wale. Paa sina habari nao. Namfikiria Sultana, ng'ombe wangu pekee, ambaye kiangazi kilichopita alikula makuti ya choo hadi majirani wakaniona ndani.

Masharti ni mawili. Nizungushe ukuta wa mawe, na mnyama wa kufugwa asitie mguu kondeni mpaka majani yakomae. Atakayeshindwa hapati mbegu za masika. Shemeji yangu Mabrouk, kaka yake mke wangu Riyama, ameshaanza kubeba mawe. Maskini, hana akili.

Jumanne, 4 Novemba

Ukuta wa nini? Nimechukua kifuu cha nazi, nikatia mkaa na kitunguu saumu, nikakifunga kwa kipande chekundu cha kanga kuukuu ya Riyama, nikakitundika kwenye mti penye njia ya kuingilia kondeni. Kago, kinga ya konde! Kisha nikapita barazani, nikanong'ona kwamba nimelitoa kwa mganga mzito, na atakayeingia kondeni kwangu tumbo litamvimba. Nani tena ataleta ng'ombe wake pale? Kazi ya mwezi mzima nimeimaliza kabla ya adhuhuri.

Riyama amekasirika, na si kwa ajili ya kanga tu. Anasema kago ni shirki. Nimemjibu kwamba ndani mna kitunguu saumu, na kitunguu saumu hakijamtoa mtu katika dini.

Alhamisi, 6 Novemba

Mvua ya vuli imeanza. Watu wanane walioahidi kunisaidia kupanda wakafika mpaka mtini, wakalitazama kago, wakakumbuka kwamba wana maziko Makunduchi. Wote wanane! Nikawaambia kweli: kago la uongo, nimelifunga mwenyewe. Bi Mwatima, mkubwa wao, akanitazama kwa huruma. "Mwanangu Miraji, kila aliyetega husema hivyo hivyo."

Nikalitungua mbele ya macho yao. Ndio kwanza wakatimua mbio. Wanasema kago likitunguliwa hutembea.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimepanda peke yangu toka alfajiri, nikasimama kwa sala ya Ijumaa tu. Konde lote mawe! Mgongo si wangu tena. Ng'ambo ya njia, kondeni kwa Mabrouk, watu wanane walikuwa wakipanda huku wakiimba. Wanane wangu! Sijui maziko yaliishia wapi. Nimelitundika kago tena, maana ukuta sina.

Jumapili, 9 Novemba

Sultana kakata kamba. Kaenda moja kwa moja kwenye kago, kala kitambaa, kala na kitunguu saumu. Hakuvimba. Nimevimba mimi! Tumbo limekaza kama ngoma. Niliogopa, sitaki uongo. Nikamwita Riyama anisomee, nikatubu kwa machozi kwamba sitagusa kago maisha yangu. Akanisomea, kisha akauliza nimekula nini. Fenesi, nikasema. Nusu tu. Akaenda kulitazama, akarudi akasema limebaki ganda.

Jumamosi, 29 Novemba

Bi Salhiya kaja kukagua. Nilitangulia kwa maringo, maana wiki iliyopita majani yalikuwa shibiri mbili, laini, ya kijani. Tulipofika, hakuna kitu! Yametafunwa mpaka shinani. Kwa Mabrouk, nyuma ya ukuta wake mrefu, yamefika magotini. Nikataka kulia. Mbegu za masika zimekwenda, na Sultana hajaonja hata jani moja.

Bi Salhiya akachutama. Akatazama nyayo, akatazama vinyesi, akapiga kelele ya furaha. Paa nunga, wale adimu! Hakuwahi kuwaona wakitoka msituni mpaka huku. Akaniuliza nimefanya nini. Kumbe kwa hofu ya kago wiki tatu hakupita mtu mwingine kondeni wala mbwa, na paa wanapenda utulivu. Nikamwambia siri ni subira. Ukuta kanisamehe, mbegu za masika napata, na anataka niwafundishe wenzangu. Nimerudi nyumbani nikitembea katikati ya njia.

Jumapili, 30 Novemba

Baada ya alasiri kaja Mabrouk, mpole, na mkate wa kumimina mkononi. Majani yake mazuri jana hayakusifiwa na mtu. Anataka kago la kuita paa.

Nilitubu, ni kweli. Lakini ile ilikuwa toba ya fenesi. Nimemwambia kago langu lina sharti moja: kabla ya kutundikwa, ng'ombe wa mfunga kago aingie kondeni kwake ale siku saba, asisumbuliwe. Akauliza kama siku tatu hazitoshi. Nikamwambia kwa paa mmoja zinatosha. Amechagua saba.

Riyama kanuna: kago tena, na safari hii kwa kaka yake. Kesho alfajiri nampeleka Sultana. Bi Salhiya anarudi Jumatano na wageni kutazama majani ya Mabrouk, lakini Jumatano ni mbali.