Babu Batty, Ukurasa wa 143

Jumatatu, 4 Novemba
Nina hasira hadi nimesahau chai, imepoa. Mwalimu mstaafu Malachy Tuohy ametoa kitabu kuhusu mila na desturi za parokia yetu ya Kilcorran. Kama kila mtu hapa, nilianzia nyuma, kwenye orodha ya majina, kujitafuta. Mulvihill, jina la ukoo wetu: mara moja tu. Ukurasa wa 143, sura ya matanga. Babu yangu Batty!

Ati Batty hakukosa matanga hata ya mtu asiyemjua, akifuata wiski na sandwichi za nyama ya nguruwe. Ati siku moja alifika mgonjwa hajakata roho, akaomba kiti asubiri.

Na Alhamisi kikundi chetu cha wasomaji pale maktaba kinasoma sura hiyo, kwa sauti, mbele ya watu wote. Shamba tuliuza, mashua ilioza. Tumebaki na jina tu. Hawatasoma.

Jumanne, 5 Novemba
Nimeazima nakala zote nne. Kadi moja, nakala moja: ndiyo sheria. Nikatumia kadi yangu, ya dada yangu Concepta, ya mumewe na ya mama. Attracta, mtunza maktaba, akauliza mama anaendeleaje. Nikamjibu yuko salama, anasoma sana siku hizi. Nilipofika nyumbani nikakumbuka kwamba Attracta ndiye aliyeimba kanisani siku tulipomzika.

Si kitu. Vitabu viko chini ya kitanda changu. Nimelala usingizi mtamu mchana mzima.

Jumatano, 6 Novemba
Laana! Kompyuta ya Attracta imeona kitabu kimeisha rafuni kwa asubuhi moja, ikapiga kelele huko makao makuu, na leo wameleta nakala ishirini. Zimepangwa mlangoni na bango: KINAGOMBEWA NA WOTE. Attracta amenishukuru mbele za watu kwa kuinua usomaji wa marehemu.

Nikarudi na chupa ya uji wa shayiri uliobaki asubuhi. Uji wa Concepta unashika kuliko saruji. Nikajibanza kona ya vitabu vya dini, ambako haji mtu, nikagandisha ukurasa wa 142 na 143 katika nakala zote ishirini. Vidole vinauma. Malachy atajua mimi ni nani.

Alhamisi, 7 Novemba
Amejua.

Hakuna aliyekuwa na haja na ukurasa wa 143 mpaka walipoukuta umeganda. Sasa kila mtu akautaka. Watu kumi na wanne wakajazana kwenye kichumba cha jiko la maktaba, wakachemsha birika, wakaubandua kwa mvuke. Wakausoma mara mbili. Walicheka hadi Attracta akavua miwani afute machozi. Kisha kila mmoja akatoa chake kuhusu Batty: alivyoficha sandwichi ndani ya kofia, alivyolia kuliko mjane.

Malachy akaja kunishika bega. “Ndugu yangu Fergal,” akasema, “bila babu yako yale yangekuwa maziko tu.” Nyoka yule. Halafu akabandua punje ya shayiri kwenye ukurasa, akaitazama, akatazama nyingine iliyokuwa kwenye sweta langu. Akaipuliza punje, akarudi kwa wenzake, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Concepta ameniambia nitulie, watu walimpenda babu. Anipishe.

Jumamosi, 9 Novemba
Matangazo ya vifo kwenye redio, asubuhi. Nilikuwa nakaanga soseji, mafuta yanachachatika, jina la kwanza halikunifikia. Tuohy, wa Kilcorran. Hilo lilinitosha. Malachy amekufa! Nikamsamehe papo hapo. Nikavaa suti nyeusi. Soseji nikaziacha, maana kwa akina Tuohy hukatwa nyama nene.

Nilikuwa wa kwanza. Nikagonga, nikainamisha kichwa, nikanyoosha mkono. Nikasema pole sana kwa msiba, alikuwa mtu mwema, ingawa mwongo.

Mkono ulioushika wangu ulikuwa wa Malachy. Amevaa kandambili, kikombe mkononi.

Akaniambia aliyefariki ni binamu yake wa kule mlimani, na matanga ni huko, kuanzia saa kumi. “Lakini umeshavaa, mzee. Ingia. Nyama ipo.”

Nilitaka kuondoka. Naapa nilitaka. Nikala sandwichi tatu, wiski moja, kisha akanipa lifti hadi mlimani, nikala nne. Njiani akatoa penseli, akauliza kwa upole nilikuwa nimefika mlangoni kwake saa ngapi hasa. Anasema toleo la pili linahitaji picha ya Batty na ukurasa mmoja zaidi.

Sawa. Siku litakapotoka nitakuwa mlangoni pa maktaba kabla Attracta hajafungua. Kadi ya mama bado ninayo.