Jino Kwenye Kopo la Vifungo

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mbeyu, mke wangu,

Mto umeshuka. Kipande chetu cha shamba kimetoka majini, na migomba yako mitatu bado imesimama, tope hadi shingoni. Nilifurahi kwa dakika kumi hivi. Kisha akaja Dadacha, binamu yako, akachomeka kijiti katikati. Anasema ni chake.

Ni ule ugomvi wa zamani. Mwaka 1913 babu yangu na babu yake walipigania kipande hiki kwa ngumi, mbele ya watu, mshindi achukue. Kwetu tunasema alishinda wetu. Kwao wanasema wao. Ulipokuwa hai Dadacha alinyamaza, akakuachia ulime. Sasa hana wa kumwonea haya.

Gladys, mzee wa kijiji, atatusikiliza Ijumaa. Ukoo wa aliyeshinda ndio utalima. Mimi sitaki mahindi, Mbeyu. Nataka migomba.

Jumanne, 10 Juni

Mpango wa kwanza: kumtisha. Nimejaza gunia pumba za mpunga, nikalitundika kwenye mwarobaini, nikawa nalipiga ngumi mahali Dadacha hupita. Ngumi ya tatu, kidole gumba kikateguka. Ndani kulikuwa na nusu tofali. Nililitia mwenyewe, gunia lisipeperuke.

Dadacha akashuka kwenye baiskeli. "Shemeji, hilo gunia limekukosea nini?" Nikasema ni mazoezi. Akasema pole, akanifunga kidole kwa leso yake. Inaudhi sana kuhudumiwa na adui.

Jumatano, 11 Juni

Mpango wa pili: shahidi. Bibi Hodan ni yule mkongwe anayekaa karibu na soko la mifugo Garsen; marehemu baba yake alikuwa akinywesha ng'ombe mtoni siku ya ugomvi ule. Aliona kila ngumi. Nimempelekea bibi kilo mbili za sukari. Akashukuru, akaziweka kando ya kilo mbili za Dadacha.

Anasema baba yake hakushika majina. Kwake walikuwa wakulima wawili wenye hasira. Alikumbuka tu kwamba aliyeshindwa aling'oka jino.

Jino. Nimerudi nyumbani nusu nikikimbia, kwa umri huu.

Unalijua kopo lako la vifungo. Kabla ya vifungo lilikuwa la babu, na ndani yake kuna jino. Ulitaka kulitupa mara nyingi. Ulisema halifai kukaa pamoja na vifungo vya sare za watoto. Nikakataa. Leo naona nilikuwa na akili.

Alhamisi, 12 Juni

Nimelisugua kwa dawa ya meno. Linang'aa kuliko yangu. Nikakuta pia kifungo cha lile gauni la kijani, ulilovaa tulipokwenda harusini kule Wenje. Nikakaa nacho. Kazi nyingine haikufanyika.

Ijumaa, 13 Juni

Nililiweka jino mbele ya Gladys, juu ya kitambaa cheupe. Nikasema: hili ni jino la babu yake Dadacha, tumelitunza miaka mia na zaidi. Watu wakanyoosha shingo. Nilijiona mrefu.

Bibi Hodan akaomba kulishika. Akaligeuza. "Mwanangu, mtu akipigwa akang'oka jino, nani huliokota?"

Nikajibu: mwenyewe.

Ndipo nikasikia nilichosema.

Dadacha alicheka mpaka akakaa chini. Gladys alifuta macho kwanza, kisha akaandika jina la Dadacha.

Nje, Dadacha akanishika bega. "Migomba ya dada yangu siigusi. Utaipalilia wewe, shemeji. Mkungu wa kwanza tule wote."

Nilijaribu kumchukia njia nzima. Haikukaa vizuri.

Jumapili, 15 Juni

Nilikuwa narudisha vifungo. Chini kabisa ya kopo, limegandia kwenye kutu, kuna jino la pili.

Nimefikiri wakati wote wa mahubiri. La kwanza ni la babu, nakubali. Lakini la pili haliwezi kuwa lake pia. Mtu hapigwi kiasi hicho halafu akarudi nyumbani kusema ameshinda. Basi ni la babu yake Dadacha. Kesho nalipeleka kwa Gladys. Nimeshalisugua.

Kifungo cha kijani nimekishona ndani ya shati, upande wa kushoto. Nikisimama mbele yao, Mbeyu, unikumbuke.