Bomba la Jikoni Limenyamaza

Mheshimiwa kaka yangu, baba mwenye nyumba, mlipa bili na mshika rimoti. Mheshimiwa sana wifi yangu, Waziri wa Mambo ya Ndani ya Kabati, ambaye asubuhi ya leo alinipa onyo kwa mdomo akalirudia kwa macho. Watoto wa kaka, vijana taifa la kesho, mliokalia mkono wa kochi ingawa tumeshasema. Jirani yetu mshona nguo, uliyekuja kuomba kiberiti ukaambiwa kaa kidogo, na sasa unawakilisha jumuiya ya kimataifa. Paka, popote ulipo. Mabibi na mabwana, itifaki yote nimeizingatia, na kama kuna mtu sijamtaja ajue nimemwona, ila bado nina kinyongo naye. (Jirani anapiga makofi. Jikoni: ndo, ndo, ndo.)

Nasimama mbele yenu nikiwa Mwenyekiti wa Kudumu wa Kamati ya Kudhibiti Udondokaji wa Bomba la Jikoni, cheo nilichopewa na mimi mwenyewe baada ya mashauriano mapana. Mtakumbuka bomba lilipoanza kudondosha, kaka alilalamika kwenye simu, nami nikamwambia, "Usihangaike, baba, mimi nina fundi wangu, nakuja kusimamia." Nikaja na begi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi sikungoja jembe, nilikuja na spana yangu kabisa, ile pale juu ya friji, inayong'aa hivyo kwa sababu hatuitumii kwa kazi za ovyo ovyo. (Watoto wanacheka. Wifi hacheki.) Tangu hapo ndimi ninayelala chumba cha wageni. Leo, chai haijapoa, wifi akaniambia, "Wifi, leo utuambie bomba linatengenezwa lini, au begi nakutolea mimi mwenyewe." Hilo ni swali zuri sana, na swali zuri halijibiwi mbio mbio.

Ndugu wajumbe, mradi huu ni wa kimkakati, jumuishi na shirikishi, na una fizibiliti stadi. Mnajua fizibiliti stadi? Hata mimi sijui vizuri, lakini nimeifanya. Nilivuta kigoda nikakaa mbele ya sinki, nikaliangalia bomba, nalo likaniangalia, na matokeo ya awali yakaonyesha kwamba linadondosha. (Makofi.) Tena linadondosha kuelekea chini, kwa asilimia mia moja na kidogo! Kisha tukaingia awamu ya mashauriano na mastekiholda, na hapa nimshukuru jirani mshonaji, ambaye kila alasiri nilikwenda kwake kushauriana. Wapo wanaosema tulikuwa tunapiga umbea. Jamani! Tulijadili bomba kwa kina, na kama katikati tuligusia yule binti wa duka la dawa aliyemrudishia mchumba wake pete, akabaki na simu aliyonunuliwa, hiyo ilikuwa ajenda ya mengineyo. (Jirani: "Na simu yenyewe kampa mdogo wake!" Wajumbe wanashtuka.) Umeona? Hilo nilikuwa silijui. Ndiyo faida ya mashauriano.

Kuna watu humu, sitawataja ila mmoja kavaa kanga ya kijani, wanaosema maji yanapotea. Nani kasema? Wahenga walishatuambia chururu si ndo ndo ndo. Chururu ndiyo hasara, huyo ni adui. Ndo ndo ndo ni akiba, na mimi niliweka ndoo pale chini kwa maono yangu mwenyewe, ikajaa, mkaoshea vyombo, mkafulia soksi, na hakuna aliyekuja kuniambia shangazi ahsante. Sisemi kwa ubaya. Nasema tu ili liwe moyoni mwenu mkilala.

Sasa nije kwenye dedilaini. Wifi, kwa heshima na taadhima, kanuni za kimataifa zinasema msimamizi haondoki saiti kazi ikiwa katikati. Haondoki! Atakula hapo, atalala hapo, ataangalia tamthilia hapo. Ila siku mradi utakapokamilika, sikilizeni wote na jumuiya ya kimataifa isikie, siku hiyo hamtanifukuza, nitabeba begi langu kwa mkono wangu nikiimba. (Wifi: "Umesikia, baba watoto? Kasema mwenyewe.") Nimesema, na nasema tena, kwa sababu mimi si kinyonga, na ningependa kuwahakikishia kwamba kamati yangu usiku na mchana inatekeleza, inafuatilia, inatathmini, na... Ngojeni. Ngojeni kidogo. Nyamazeni hapo kwenye kochi.

(Kimya. Jikoni hakuna sauti.)

Mmesikia? Hamkusikia! Ndilo hilo! Bomba limenyamaza! Halidondoshi! Ndugu wajumbe, hivi hivi mnaona, mwenyekiti anahutubia tu, hajanyanyua hata spana, bomba limesikia neno lenye uzito likajifunga lenyewe! Nani mwingine katika ukoo huu alishawahi kutengeneza kitu kwa hotuba? Mradi umekamilika kwa asilimia mia mbili, kabla ya muda, piga makofi jirani, simama, usipige umekaa! (Jirani anasimama. Vigelegele. Watoto wanaruka kwenye kochi.) Nitaomba kaka atafute kijibao, tukipigilie juu ya sinki, kiandikwe kuwa bomba hili limefunguliwa rasmi... limefungwa rasmi na...

(Wifi ametoka. Wifi amerudi na begi. Analiweka miguuni pa msemaji.)

Wifi, hili nini?

(Wifi: "Mradi umekamilika, wifi yangu. Imba basi tukusikie.")

Aa. Ahaa. Naona hapa pana changamoto ya kimawasiliano. Kaka, hebu nenda kafungue bomba mara moja.

(Kaka anakwenda jikoni. Bomba linatoa pumzi: fyuuu. Kaka: "Dada, maji yamekatika!" Wifi: "Yakatike yasikatike, amesema umekamilika asilimia mia mbili. Mimi ni nani nimpinge mwenyekiti?")

Ndugu wajumbe, naomba utulivu. Msisimame, sijafika kwenye shukrani. Mimi ni mtu mzima, na kule kwangu mnakujua, chumba kimoja, nikisema hamjambo asubuhi inaniitikia friji. Kwa hiyo nitaongea ukweli wa kiserikali, ule unaosemwa mwishoni watu wakiwa wameshachukua mikoba.

Namshukuru kwanza fundi wangu, na namshukuru kwa moyo wote kwa sababu hayupo. Sikumwita fundi. Sina fundi. Ninayemjua ni mmoja tu, na huyo anatengeneza viatu. Naishukuru spana ile, ambayo ni ya baiskeli. Naishukuru kamati yangu, ambayo haijawahi kukaa kikao kwa kukosa mjumbe wa pili. Na nakushukuru wewe, kaka, kwa kutouliza chochote muda wote huu, maana ungeuliza ningekudanganya, na mimi kukudanganya wewe sipendi, nafanya tu. (Kaka anaficha uso kwa mto wa kochi. Mabega yanamtikisika.)

Kwa hiyo, Mheshimiwa wifi, tukifuata sheria kama ulivyotaka wewe: mradi huu haukuwahi kuanza. Na kitu ambacho hakijaanza, nani ana ubavu wa kusema kimekwisha? (Jirani: "Hapo amekubana, shoga!" Wifi anacheka kwa pua, kwa hasira.)

Nikisema bomba, mnasema tuko pamoja. Bomba! (Watoto: "Tuko pamoja!") Udondokaji! ("Tuko pamoja!") Shangazi! ("Tuko pamoja!") Wifi, sijasikia sauti yako, lakini midomo nimeiona ikitikisika, na kwenye kumbukumbu za kikao hiyo ni ndiyo.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Mradi utaanza kesho, rasmi, kwa awamu. Na begi hilo mlirudishe chumbani taratibu, msilikunje, nguo nilikuwa nimeshazitoa zote siku ile ile niliyofika.